Kupanda Bugarama Bila Kushika Lori

Likizo yangu ya mwaka ilipokaribia, mke wangu aliniuliza swali ambalo bila shaka huulizwa katika nyumba nyingi za askari, za polisi na za watumishi wengine wa serikali: "Baba watoto, safari hii tutawapeleka wapi hawa?" Nilimjibu kama nilivyomjibu mwaka uliotangulia, yaani kwa kugeuza ukurasa wa gazeti na kukohoa kidogo. Mshahara wa karani hauachi nafasi ya hoteli za ufukoni, na mafuta ya gari, kama kila mkazi wa Bujumbura ajuavyo, yamekuwa adimu katika miaka ya karibuni.

Jibu lilitoka kwa shemeji yangu. Yeye ni mdogo wake mke wangu, koplo wa jeshi, naye alikuwa amekuja kupumzika kwetu Gihosha. Alipata kuwa miongoni mwa vijana wetu waliotumikia Somalia chini ya Umoja wa Afrika, kazi ambayo Burundi iliianza mwezi Desemba 2007 na muda wake ukaisha mwishoni mwa 2024. "Shemeji," aliniambia, "kule nilikaa mwaka mzima, na nchi yenyewe sikuiona ila kwa kijidirisha cha gari la chuma. Hapa nyumbani sitaki tena kutazama kitu kwa dirisha. Tukodi gari dogo, lakini gari libebe mizigo na watoto. Pale penye kupendeza, sisi tushuke twende kwa miguu au kwa baiskeli."

Hivyo ndivyo tulivyosafiri siku nne wakati wa kiangazi, watu sita pamoja na dereva: mimi, shemeji, kijana wangu wa miaka 15, mama yake na binti zetu wawili. Nimeona vyema niwaandikie wasomaji njia tulizopita, maana ni njia zilizo wazi kwa yeyote mwenye viatu na subira. Aidha, katika njia hizo nilikutana na deni langu la zamani, nalo nitalisimulia lilivyokuwa.

Maandalizi ya Buyenzi

Baiskeli tulizokuwa nazo zilikuwa tatu, zote kuukuu. Tulizipeleka Buyenzi, ambako mafundi wa kila chombo chenye gurudumu hawakosekani, na ambako Kiswahili ndicho lugha ya barazani na ya karakana. Fundi tuliyemwendea alizungusha kila gurudumu, akalitazama kama linayumba, akaminya breki, akatikisa kichwa. Alipobadili mipira ya breki alituuliza tunakwenda wapi. Tulipomwambia Bugarama, alifungua kisanduku chake akatoa mipira mingine miwili miwili kwa kila baiskeli, akaitia katika mfuko wetu bila kuulizwa. "Hii mtaivaa mkiwa njiani," alisema. Wakati ule nilidhani anatafuta biashara. Baadaye nilimwombea heri.

Ifahamike pia kwamba mwezi Machi 2022 serikali iliamuru baiskeli, pikipiki na bajaji ziondoke katikati ya mji wa Bujumbura. Kwa sababu hiyo sisi hatukuendesha mjini hata kidogo. Baiskeli zilipanda gari, zikashushwa nje ya mji. Msomaji atakayetufuata aulize kwanza kwa wakuu wa mtaa wake ni njia zipi zinazoruhusiwa, asije akaanza likizo kwa kulipa faini.

Asubuhi ya Vugizo

Siku ya kwanza hatukuhitaji gari. Tulitoka Gihosha saa 11 na nusu alfajiri, wakati mji ungali na ubaridi wake mfupi, tukakimbia kuteremka hadi kuvuka Mto Ntahangwa, kisha tukashika upande wa Mutanga na kupanda kilima cha Vugizo. Mto huo ni mdogo wakati wa kiangazi, lakini mvua zimeufanya kula kingo zake miaka mingi, hata nyumba nyingine zimebaki zikichungulia korongo. Mkimbiaji asikaribie ukingo kwa kutaka kutazama chini.

Juu ya Vugizo ndipo alipozikwa Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache tu kabla ya uhuru wa Julai 1, 1962. Mtu akisimama hapo jua linapochomoza nyuma yake, huuona mji wote wa Bujumbura umelala chini, kisha Ziwa Tanganyika, kisha milima ya Kongo upande wa pili, ambayo asubuhi huwa na rangi ya zambarau na mchana hutoweka katika vumbi la joto. Binti yangu mdogo, aliyebebwa mgongoni na mjomba wake sehemu ya mwisho, aliuliza iwapo wale wa ng'ambo nao wanatuona sisi. Nilimwambia kwamba bila shaka wanaiona milima yetu nao wanauliza hivyo hivyo.

Kwangu mimi, mtu wa kiti na meza, kwenda na kurudi kulichukua saa moja na robo. Shemeji alinifundisha kanuni ya askari: penye mwinuko fupisha hatua, usiongeze nguvu, na ukiona huwezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi yako, umekwenda mbio mno. Nilimaliza sentensi chache sana asubuhi ile.

Wenyeji wa Bujumbura wana desturi ya kukimbia makundi makundi mwishoni mwa juma, wakiimba na kupiga makofi. Machi 2014 mbio za namna hiyo ziliwekewa mipaka mjini na kuelekezwa katika viwanja vilivyoteuliwa. Kwa hiyo watu wa nyumba moja wanaweza kukimbia kwa utulivu wao, lakini mwenye nia ya kukusanya kundi kubwa na aombe ruhusa kwanza. Hali kadhalika, asubuhi ya Jumamosi ni ya kazi za maendeleo ya jamii. Mwenye kutaka mazoezi siku hiyo atayapata kwenye jembe.

Njiani kurudi nilimsimulia kijana wangu habari za Vénuste Niyongabo, ambaye mwaka 1996 huko Atlanta, katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza kabisa kwa Burundi kushiriki, alishinda mbio za mita 5,000 na kutuletea dhahabu. Nikamtajia na Francine Niyonsaba, aliyepata fedha katika mita 800 huko Rio mwaka 2016. Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na kwa baiskeli, baba, nani?" Sikuwa na jina la kumpa. Nilimwambia tu kwamba Septemba 2025, hapo jirani Kigali, yalifanyika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Macho yake yaling'aa, na tangu hapo akawa anasema habari za baiskeli peke yake.

Jiwe la Mugere

Siku ya pili gari lilitutoa mjini kwa Barabara ya Taifa Namba 3, ielekeayo kusini hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Hii ni njia ninayowashauri wenye watoto na wale ambao magoti yao yana umri kuliko wao wenyewe, maana kwa sehemu kubwa ni tambarare. Ziwa liko kuliani na vilima viko kushotoni, na upepo wa maji humpoza mwendeshaji.

Kiasi cha kilomita 12 kusini ya mji, juu ya barabara, pana jiwe la Mugere. Hapo David Livingstone na Henry Morton Stanley walilala siku mbili, kuanzia Novemba 25, 1871, na majina yao pamoja na tarehe hiyo yamechongwa katika jiwe. Wako wanaodhani kwamba ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikwisha kukutana Ujiji, katika Tanzania ya leo, mwanzoni mwa mwezi huo. Kutoka Ujiji walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini ili kutatua fumbo moja: je, Mto Rusizi hutoka ziwani, au huingia ziwani? Kama ungetoka, basi ziwa hili lingeweza kuwa chimbuko la Nili. Walipofika waliukuta unaingia, na tamaa yao ikaishia hapo.

Mimi nilisomea ualimu, na ingawa siku hizi kazi yangu ni mafaili, chaki haijanitoka mkononi. Niliwakalisha watoto kivulini nikawaambia kwamba wageni wale walikuja kutoka mbali kuuliza jambo ambalo mvuvi yeyote wa Gatumba angewajibu kwa kunyoosha kidole. Binti mkubwa akasema: "Basi hawakuuliza." Nikaona somo limeingia.

Tulirudi polepole, tukala mikeke ya kuchoma kando ya njia. Ziwa hili, ambalo kina chake kinafika kama mita 1,470 na ni la pili duniani kwa kina, limepanda sana katika miaka ya karibuni. Mwaka 2021 na tena 2024 maji yalifunika mitaa na mashamba ya pwani, na watu wa Gatumba ndio walioumia zaidi. Kwa hiyo njia ya mchangani ambayo rafiki yako aliisifu zamani huenda leo imo majini. Uliza kabla ya kuondoka.

Watu wengi hupenda pia upande wa Gatumba, kwenye Hifadhi ya Rusizi. Ni pahali pa kupendeza kwa ndege na mitende yake, lakini sisi tulipaona kutoka garini, na ninawasihi wasomaji wafanye vivyo hivyo. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani na kurudi alfajiri, yaani saa zile zile ambazo mkimbiaji huzipenda. Anayesimama kati ya kiboko na maji amejitafutia msiba, na mamba wa delta ile hawahitaji kusifiwa na mimi.

Chai ya Teza

Siku ya tatu tulishika Barabara ya Taifa Namba 1, ipandayo kutoka upande wa Kamenge kwenda Bugarama, na kutoka hapo kuendelea Kayanza hadi Rwanda. Mji wa Bujumbura uko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama ni zaidi ya mita 2,200. Ni kupanda mita 1,400 katika kilomita 35 tu. Katika kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kwa nyuzi kama 6, kwa hiyo mtu aliyeondoka na jasho hufika akitafuta sweta.

Barabara hiyo ndiyo ya waendesha baiskeli wa ndizi. Asiyewaona hawezi kuamini. Wao hushuka na mikungu iliyofungwa pande zote za karia hata baiskeli haionekani, mguu mmoja ukikwaruza lami kuisaidia breki, wakipita magari kwenye kona. Wakishauza mzigo mjini, hawapandi kwa miguu yao. Hushika lori nyuma au ubavuni, wanne, watano, saba, na lori huwavuta hadi juu. Kijana wangu alibandika paji la uso kwenye kioo tangu chini hadi tulipofika. "Baba, tazama yule! Hashiki hata usukani!" Mama yake alinitazama. Mimi nikatazama mbele, nikasema kwamba kabichi za Bugarama ni bora kuliko za mjini.

Bugarama ni soko la baridi lililojaa mboga: kabichi, karoti, vitunguu na viazi vilivyopangwa mafungu mafungu kando ya njia. Tulilala karibu na hapo. Kesho yake saa 12 asubuhi tulikwenda kukimbia kwenye mashamba ya chai ya Teza, si mbali na hapo. Kama ningeruhusiwa kuchagua njia moja tu ya kumwonyesha mgeni, ningechagua hii. Udongo ni mwekundu na laini kwa miguu. Chai imekatwa sawasawa kama zulia lililotandikwa juu ya vilima, ukungu umekaa mabondeni, na nyuma ya yote umesimama msitu wa Kibira, ambao ni hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 400 hivi na makao ya sokwe. Msituni kwenyewe asiingie mtu bila kibali na mwongozi. Shambani, mkimbiaji awapishe wachumaji, maana wao wako kazini naye yuko mchezoni.

Juu ya mgongo huo wa milima ndipo maji ya Burundi yanapoagana. Tone la mvua liangukalo magharibi hushuka Tanganyika, hutoka kwa Mto Lukuga, huingia Mto Kongo na kufika Bahari ya Atlantiki. Liangukalo mashariki huenda na Ruvubu, huingia Kagera, Ziwa Viktoria na Nili, na kufika Misri. Kusini ya nchi, huko Rutovu, pana piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938 juu ya chemchemi ya kusini kabisa ya Nili. Shemeji alimwaga maji ya chupa yake pande zote mbili za njia, akawaambia watoto kwamba ametuma barua mbili.

Mambo ya kuzingatia

Kabla sijafika kwenye mteremko, napenda kutaja mambo matano kwa faida ya wale watakaojaribu.

Kwanza ni breki. Baiskeli nyingi za kwetu hukamata ukingo wa gurudumu kwa mpira. Mteremko mrefu huupasha ukingo joto hata ukaweza kupasua mpira wa ndani. Minya na kuachia, minya na kuachia, usikamate mfululizo. Kila kilomita tatu au nne simama, acha upoe. Mipira ya akiba si anasa.

Pili ni upande. Sisi Burundi tunakwenda kuliani. Mgeni kutoka Tanzania, Kenya au Uganda aliyezoea kushotoni na ajikumbushe kwa sauti kila asubuhi.

Tatu ni maji na mavazi. Kila mtu na chupa yake, na sweta kwa Bugarama hata kama Gihosha kunachoma. Nguo ya rangi kali husaidia madereva kukuona katika ukungu.

Nne ni kitambulisho. Kiwe mfukoni, si garini. Na kamera isielekezwe kwenye kambi, daraja au kituo cha ulinzi. Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kuelezwa sababu.

Tano ni muda. Anza mapema, umalize kabla ya saa 9 alasiri, ili giza lisikukute njiani. Katika Barabara ya Taifa Namba 1 wakati wa jioni, lori, ukungu na baiskeli isiyo na taa havipatani.

Ningepaswa kuongeza la sita. Sikumwambia kijana wangu asishike lori. Nilidhani ni jambo lisilohitaji kusemwa. Ukweli ni kwamba nililiogopa.

Mteremko

Tulianza kushuka saa 3 asubuhi: shemeji mbele, kijana katikati, mimi nyuma, na gari likitufuata kwa mbali. Tulisimama mara ya kwanza, tukapoza magurudumu, tukanywa maji, tukaendelea. Tuliposimama mara ya pili, kijana aligundua kwamba chupa yake imebaki juu, kwenye kituo cha kwanza, kilomita mbili hivi nyuma yetu. Akasema ataifuata. Nikamwambia asukume polepole, tutamngoja. Gari lilikuwa limekwisha kutangulia.

Hakusukuma. Baada ya dakika chache, lori lenye mzigo wa saruji lilitupita likipanda kwa kunguruma, na nyuma yake walikuwa wamening'inia watu watatu wa ndizi, na wa nne alikuwa mwanangu. Alikuwa amegeuka kutoka kwenye kona ya chini, ambako alilingoja. Mkono mmoja uko kwenye mnyororo wa bodi, mwingine kwenye usukani, na meno yote nje kwa furaha. Alinipungia kwa kichwa.

Nilifungua kinywa kumwita. Shemeji alinikamata bega. "Usimwite," alisema kwa sauti ya chini. "Akigeuka ataachia." Tulisimama tukiwa kimya, tukilisikiliza lori mpaka likazama nyuma ya mlima. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kijana alirudi akishuka kwa mwendo mzuri wa breki kama alivyofundishwa, chupa ikining'inia shingoni. Hakuna aliyesema neno. Nilimwashiria apite mbele.

Katikati ya mteremko huo, kando ya barabara, ndiko kwetu. Huko anakaa kaka yangu, mkubwa wetu, ambaye watoto wangu humwita baba mkubwa. Ana kibanda cha kuziba mipira na kunyoosha magurudumu. Ana mguu mmoja. Watoto wangu wamejua tangu utoto wao kwamba mguu wa pili ulikatwa kwa ugonjwa. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo.

Tulimkuta ameketi juu ya kigoda, mpira wa ndani umo katika beseni la maji, akitafuta tundu. Tulisalimiana. Wanawake wakaingia ndani na chakula. Kijana, ambaye bado alikuwa na lile jambo moyoni kama kaa la moto, hakuweza kujizuia. "Baba mkubwa, leo nimepanda na lori!"

Kaka hakuinua kichwa. Aliuzungusha mpira majini mpaka mapovu yakatoka, akaweka kidole. "Ulishika upande gani?"

"Kulia, baba mkubwa."

"Nyuma ya gurudumu, au mbele yake?"

"Nyuma."

"Na mguu wako wa nje uliuweka wapi lilipobadili gia?"

Kijana hakujua. Alikuwa hakufikiri habari za mguu.

"Mimi nilishika kushoto," kaka alisema. "Lilikuwa na saruji vile vile. Gia ikakataa, likarudi nyuma kama hatua tatu tu. Tatu. Waliokuwa kulia waliruka."

Kijana alimtazama yeye, kisha akatazama mahali ambapo mguu haupo, kisha akanitazama mimi. "Si ulikuwa ugonjwa?"

Ndugu msomaji, nimesimama mbele ya wakubwa wa ofisi na mbele ya madarasa yenye watoto themanini, lakini sikumbuki kutazamwa namna ile. Ilinibidi niseme. Ilikuwa mwaka 2007. Mimi nilikuwa chuoni nasomea cheti cha ualimu, na kaka ndiye aliyekuwa akinilipia, kwa mikungu ya ndizi, mara mbili kila juma. Siku ile alikuwa akipanda na baiskeli tupu baada ya kuuza mzigo, na fedha ya muhula wangu ilikuwa katika soksi yake. Ilinifikia. Cheti nilikipata mwaka uliofuata. Nilipopata watoto, niliona vyepesi zaidi kuwaambia ugonjwa, kwa maana ugonjwa hauna mtu wa kuulizwa.

Kaka alinisikiliza mpaka mwisho kana kwamba namsimulia habari za mtu mwingine. Kisha akafika mwendeshaji wa ndizi aliyetoka mjini, baiskeli tupu, gurudumu la nyuma limelala. Kaka aliziba tundu upesi, akapokea sarafu zake, na yule mtu akangoja ukingoni. Lori la kwanza lilipofika kwenye kona likipunguza mwendo, akalishika, akaenda zake.

"Baba mkubwa," kijana alisema, "mbona hukumkataza?"

"Nimkataze nini? Akisukuma mpaka juu atafika usiku, na kesho hatakuwa na nguvu za kushuka na mzigo. Huyo ana watoto." Akaukung'uta mkono wake maji. "Yeye ana sababu. Wewe ulikuwa unafuata chupa."

Hakumkemea zaidi ya hapo. Tulikula. Baada ya chakula kaka alitoa pampu ya mkono akampa kijana, akamwambia kwamba jirani yake wa kilomita moja juu anaingoja tangu asubuhi. "Nenda na baiskeli yako," alisema, "ili ukirudi ushuke vizuri."

Niliomba tufuatane. Tulipanda tukisukuma, jua likiwa utosini, yeye upande wa nje na mimi upande wa mlima, kisha nikaona haya nikambadilisha. Kilomita moja ile ilituchukua karibu nusu saa, pamoja na kupumzika mara mbili. Kwa mwendo ule nilikiona kila kitu ambacho kwa miaka yote nimekipita kwa gari: mifereji ya maji iliyochimbwa kwa jembe, migomba iliyofungwa miti isianguke, bibi aliyetandaza maharage juu ya mkeka, na chini kabisa, kati ya vilima viwili, kipande cha ziwa kiking'aa kama bati jipya. Malori matatu yalitupita. Kila mara kijana aliligeukia, akatazama gurudumu lake la nyuma upande wa kushoto, mpaka likapotea.

Aliniuliza maswali mengi, nami nilijibu yote. Aliuliza muhula ulikuwa ni fedha ngapi, na mikungu mingapi. Tulikokotoa pamoja, kama tulivyokuwa tukifanya hesabu za shule mezani kwetu Gihosha. Alipopata jumla ya safari alinyamaza kwa muda mrefu.

Tuliikabidhi pampu, tukashuka kwa breki za kuminya na kuachia. Mipira ya breki ya fundi wa Buyenzi tuliibadilisha jioni ile ile, katika kibanda cha kaka. Ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwa myembamba kama ganda la chungwa.

Basi, wasomaji wapendwa, njia ni hizo: Vugizo kwa asubuhi moja, Mugere kwa familia nzima, Teza kwa apendaye ubaridi, na mteremko wa Bugarama kwa mwenye breki nzima na akili iliyotulia. Mkipita njia hiyo, mkimwona mtu wa mguu mmoja akitafuta tundu katika beseni la maji, simameni mmsalimie. Na kama gurudumu lenu halina pancha, nunueni hata kiraka.